Kasha la kompyuta ndogo yenye diski nyingi: namna ya kulipata ukiwa Mtwara

Kazi yangu ni kurekodi harusi. Pesa ya korosho ikishaingia mikononi mwa watu, Jumamosi moja inaweza kuwa na sherehe tatu kati ya Mikindani na Naliendele, na kila sherehe inarudi nyumbani na mzigo wake wa video. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Kamera mbili kwa saa tatu ni gigabaiti 270. Halafu bibi harusi anarudi baada ya mwaka kuomba nakala nyingine, kwa sababu flashi ya kwanza wifi yake aliifuta akaweka taarabu. Ndiyo maana nikataka kompyuta ndogo, isiyokula umeme mwingi, inayowaka usiku kucha pembeni ya studio ikiwa na diski nne ndani.

Kompyuta niliipata ndani ya wiki. Diski nazo nilizipata. Kasha ndilo lililonisumbua miezi mitano. Hizi hapa ni hatua ambazo ningezifuata kama ningeanza leo, nikiwa hapahapa Mtwara. Aliyeko Lindi, Masasi au Newala atabadilisha jina la stendi tu.

Tuelewane kwanza kwenye jina. Huku wengi tunaliita boksi zima "CPU". Kwa fundi au muuzaji sema hivyohivyo, "nataka CPU tupu", ataelewa haraka. Humu nitasema kasha.

Hatua ya 1: Weka diski mezani uzipime

Usianze kwa kutazama picha za makasha. Nilianza huko, nikapenda moja jeupe lenye mlango wa kioo, na lilikuwa na nafasi ya diski moja.

Chukua diski na rula. Diski ya kompyuta ya mezani huitwa ya inchi 3.5, lakini rula itakuonyesha upana wa milimita 101.6, yaani inchi nne kamili. Lile jina limebaki tangu enzi za flopi. Urefu wake ni milimita 147 na unene 26. Ina uzito wa gramu 600 hadi 700 hivi, kwa hiyo nne zinakaribia kilo tatu, na hizo kilo tatu zinazunguka na kutetemeka saa zote. Ile ya laptop, ya inchi 2.5, ni milimita 100 kwa 70, unene 7 au 9.5. Hapa kuna mtego: diski za inchi 2.5 zenye ujazo mkubwa hufika unene wa milimita 15, na haziingii kwenye nafasi nyingi zilizotengenezwa kwa zile nyembamba.

Kama diski zako zilikuwa za nje, za kuchomeka kwa USB, na umepanga kuzifungua, jua mambo mawili kabla hujashika bisibisi. Kwanza, baadhi ya zile ndogo za inchi 2.5 zina tundu la USB lililochomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa diski. Ndani hakuna tundu la SATA, lile la kuunganishia diski ndani ya kompyuta, na ukishapasua kava umeharibu bure. Pili, baadhi ya zile kubwa hazizunguki kabisa ukizifunga kwenye pawasaplai ya kawaida (boksi la kulisha kompyuta umeme), kwa sababu umeme wa volti 3.3 kwenye pini ya tatu ya plagi ya umeme zinausoma kama amri ya kuzima. Diski haijafa. Funika pini hiyo kwa kipande chembamba cha tepu inayovumilia joto na itaamka.

Sasa andika idadi: diski ulizonazo, jumlisha nafasi moja tupu. Hiyo moja utaishukuru siku diski mojawapo itakapoanza kuumwa na unataka kuhamisha vitu bila kufungua zote. Na kama bado hujanunua, nunua chache kubwa badala ya nyingi ndogo. Diski mbili za terabaiti 8 zikiwa pacha, moja ikinakili nyingine, zinakupa nafasi ileile ya nne za terabaiti 4 zilizofungwa pachapacha, kwa nusu ya joto na nusu ya nyaya.

Hatua ya 2: Jua "mini" yako ni ipi

Neno hili linawapotosha watu kuliko lolote. Kuna vitu vitatu tofauti vinavyoitwa kompyuta ndogo.

Cha kwanza ni mazabodi, yaani ubao mkuu, ya Mini-ITX, yenye milimita 170 kwa 170. Ukubwa huu ulianzishwa na VIA mwaka 2001 na matundu yake ya skrubu hayajabadilika. Hii ndiyo inayoingia kwenye makasha yanayouzwa kwa ajili ya diski nyingi.

Cha pili ni zile ndogo bapa za maofisini zinazokuja kama mtumba: HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro. Zina takribani sentimita 18 kwa 18 na unene wa sentimita tatu na nusu. Ubao wake umekatwa kwa kasha lake tu. Usinunue kasha la Mini-ITX ukitegemea kuuhamishia humo, matundu hayatakutana. Ndani zina nafasi ya diski moja ya inchi 2.5 na sloti ya M.2 (tundu bapa la kuchomekea diski au kadi ndogo kwenye ubao), na nyingi zinatumia chaja ya nje kama ya laptop.

Cha tatu ni Raspberry Pi na jamaa zake, milimita 85 kwa 56. Kwa kazi yangu siishauri, ingawa inafaa kwa mtu mwenye diski moja au mbili.

Mimi nilikuwa na ile ya pili nikawa natafuta kasha la ile ya kwanza. Miezi mitano niliyoitaja, miwili ilipotelea hapo.

Hatua ya 3: Hesabu matundu na umeme

Kasha la diski nane halina maana kama mazabodi ina matundu mawili ya SATA. Mini-ITX nyingi zina mawili hadi manne. Zaidi ya hapo utahitaji kadi kwenye ile sloti moja ya PCIe, ya kuongezea kadi: tafuta yenye chipu ya ASM1166, inayotoa matundu sita, au JMB585, inayotoa matano. Zipo pia ndogo zinazoingia kwenye sloti ya M.2, na ndizo zinazoiokoa ile kompyuta bapa ya ofisini. Ila hakikisha sloti yenyewe ni ya PCIe, ile inayokubali diski za NVMe. Kuna sloti za M.2 zinazokubali SATA pekee, na humo kadi hizo hazifanyi kazi.

Umeme sasa. Diski ya inchi 3.5 ikiwa inazunguka hula wati chache tu, tano sita hivi. Ila sekunde zile inapoamka huweza kuvuta hadi ampia 2 kwenye waya wa volti 12. Diski nne zikiamka pamoja ni karibu wati 100 kwa mpigo. Chaja ya wati 65 ya kompyuta bapa haiwezi kubeba hilo, na USB ndiyo kabisa: tundu la USB 3.0 kwa kawaida hutoa miliampia 900 kwa volti 5. Diski za inchi 3.5 zinahitaji pawasaplai yao, hakuna ujanja.

Nyaya za kugawanya umeme zichague kwa macho. Ile ambayo kichwa chake cha SATA kimemiminwa plastiki pamoja na nyaya zake iache dukani, nyaya ndani yake huweza kugusana na kuwaka moto. Chukua ile ambayo kichwa kinaonekana kimebanwa, yenye kifuniko kidogo nyuma.

Hatua ya 4: Chagua njia

Njia ni nne, na si lazima kila mtu apite ya bei kubwa.

Kasha la kununua lililotengenezwa kwa kazi hii. Fractal Design Node 304 linachukua diski sita za inchi 3.5. Jonsbo N1 na N2 yanachukua tano na moja ndogo ya inchi 2.5, N3 linachukua nane na moja ndogo. SilverStone DS380 lina trei nane za kuchomoa kwa mbele. Yote ni ya Mini-ITX. Yote ni mazuri machoni. Lakini kwa mtu wa Mtwara kuna tofauti moja inayozidi zote: Node 304 linatumia pawasaplai ya kawaida ya ATX, mengine yanatumia SFX, ile fupi ya milimita 125 kwa 100. Pawasaplai ya ATX ikifa Ijumaa jioni, nitazunguka maduka na mafundi wa mjini na kabla ya Isha nina nyingine, hata kama ni ya kutoka kwenye CPU chakavu. SFX ikifa, nasubiri basi. Kwa sababu hiyo peke yake ningechagua Node 304 na kuacha trei za kuchomoa. Ila pima urefu wa pawasaplai yenyewe, hilo kasha halipendi iliyozidi milimita 160.

CPU kubwa ya zamani. Watu wanaidharau njia hii na sijui kwa nini. Matundu manne ya Mini-ITX yanalingana na manne ya ATX, kwa hiyo mazabodi ndogo inakaa vizuri kabisa ndani ya tawa, yaani CPU ya kusimama, la miaka 15 iliyopita. Ofisi zinapobadilisha vifaa haya yanatupwa stoo. Mengi yana nafasi za diski mbili hadi nne, na zile nafasi za DVD juu zinachukua nyingine kwa vibati vya kupunguzia upana. Utacheka kuona kibao kidogo kimekaa pembeni ya ukumbi mtupu, lakini ukumbi huo ndio hewa. Epuka tu matawa ya kampuni kubwa yenye mazabodi na pawasaplai za maumbo yao wenyewe. Nenda na kipande cha karatasi kilichochorwa matundu ya mazabodi yako, kiweke ndani, uone kama misumari ya shaba ya kubebea mazabodi inalingana.

Kasha la nje la USB lenye trei nne na umeme wake. Hili ndilo jibu kwa mwenye kompyuta bapa asiyetaka kukata wala kuchomelea. Uliza kama linakubali UASP, njia ya USB inayoharakisha kunakili, na uliza swali ambalo mtu wa mbali na Kusini hawezi kulifikiria: umeme ukikatika ukarudi, linawaka lenyewe? Mengi yana kitufe cha kubonyeza, na baada ya umeme kurudi yanabaki yamelala hadi mtu aje. Tafuta lenye swichi ya kubaki chini, kama ya taa. Kwenye kompyuta nayo ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows au Linux, uiamuru iwake umeme unaporudi.

Ya nne ni ya kutengeneza, na ndiyo niliyoishia nayo. Nitaieleza zaidi kwa sababu haina duka.

Hatua ya 5: Kitanda cha diski kwa fundi aluminiamu

Mafundi wa madirisha wana lundo la vipande vya engo za aluminiamu ambavyo kwao ni takataka. Nilienda kwa mmoja pale Magomeni ya hapahapa Mtwara na mchoro.

"Bosi, hiki kitanda cha nini?"

"Cha diski, fundi."

"Diski nazo zinalala?"

"Hazilali, ndiyo shida yake."

Alikata engo nne za kusimama na nane za kulala, akatoboa, akafunga kwa ribiti. Diski zinakaa kwa ubavu, kila moja mbali na mwenzake kwa milimita 15 hivi. Usikubali chini ya 10. Mbele ya kitanda inafungwa feni ya milimita 120 inayosukuma hewa kupita katikati ya diski, na kompyuta bapa inakaa juu, juu ya vipande viwili vya engo ili nayo ipumue chini. Kebo za SATA zinatoka kwenye kadi ya M.2 kupitia upenyo niliokata kwenye kifuniko. Zisizidi mita 1, na kwa kitanda kama hiki nusu mita inatosha.

Kati ya diski na engo weka washa za mpira zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kabla ya hizo washa meza yangu yote ilikuwa inaunguruma kama pantoni.

Skrubu za ubavuni mwa diski ya inchi 3.5 ni zile nene zenye meno ya mbalimbali, zilezile zinazofunga pawasaplai kwenye CPU. Za diski ya inchi 2.5 ni nyembamba za M3. Ukilazimisha M3 kwenye diski kubwa italegea, na ukiweka ndefu mno unaweza kukwaruza kilichomo ndani. Chomoa za CPU kuukuu, ndizo saizi yake. Angalia pia matundu yako mwenyewe kabla fundi hajatoboa: diski za ujazo mkubwa mara nyingi zimekosa tundu la katikati, kwa hiyo usimpe fundi vipimo vya diski ya zamani kwa ajili ya diski mpya.

Kwa umeme nilitumia pawasaplai ya ATX iliyokuwa nyumbani. Haina mazabodi ya kuiamuru, kwa hiyo waya wa kijani kwenye ile plagi kubwa unaunganishwa na mweusi wowote, nayo inawaka mara swichi yake ya nyuma ikiwashwa. Unganisha ikiwa imechomolewa ukutani, na ufunge muunganiko huo vizuri usiguswe. Washa diski kwanza, subiri zizunguke, ndipo uwashe kompyuta. Kuzima ni kinyume chake. Kama pawasaplai ni ya zamani tazama nyuma kama ina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kiwe kwenye 230, la sivyo itakulipukia mara tu ukichomeka.

Rafiki yangu mmoja wa Lindi alitengeneza lake kwa plaiwudi. Linapendeza kuliko langu. Ila mbao inashika joto, na alilifunga pande zote sita kama kabati la vyombo. Amekuja kutoboa matundu baadaye, moja baada ya jingine, hadi sasa linafanana na mzinga.

Hatua ya 6: Joto, chumvi na mijusi

Watengenezaji wengi wa diski huandika ukomo wa joto la kazi kuwa nyuzi 60 au juu kidogo. Mimi nikiona 50 nahangaika, na napenda zikae chini ya 45. Chumba cha Mtwara mwezi Desemba kina nyuzi 31 hata kabla hujawasha kitu. Maana yake una nyuzi 14 za kuchezea. Video nyingi za makasha mtandaoni zimepigwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi 20. Wakisema diski zilifika 38, wewe jumlisha 11.

Kwa hiyo, kasha lolote unalotaka kununua litazame swali moja: hewa inayoingia inapita kwenye diski, au inapita pembeni? Feni kubwa mbele, diski nyuma yake, pa kutokea nyuma. Kasha lenye mbele ya kioo kitupu liache wauze kwa wenye viyoyozi.

Chumvi ni adui wa polepole. Ukikaa Shangani au Mikindani unaijua kutokana na bawaba za milango. Aluminiamu inavumilia, chuma kilichopakwa rangi nacho kinavumilia hadi pale kilipokatwa au kukwaruzwa, kutu inaanzia hapo. Paka rangi kila ulipotoboa. Na usiizime mashine kwa majuma. Inayowaka ina joto linalozidi kidogo lile la chumba, unyevunyevu haupati pa kutua; iliyozimwa kwa mwezi mzima wa masika nilishaikuta ina ukungu wa kijani kwenye pini.

Mijusi sasa. Nilichomoa bati moja la nyuma la kasha nikaona uvivu kulirudisha. Baada ya wiki tatu, mlio mmoja mkavu, kisha harufu ya nyama choma. Mjusi alikuwa amelala ndani ya pawasaplai, kavutwa na joto zuri, mkia kwenye ncha moja na kidole kwenye nyingine. Tundu lolote linalopitisha kidole chako cha mwisho lizibe kwa wavu wa dirishani. Wavu unapunguza hewa, kwa hiyo uusafishe kwa brashi kila mwezi, maana vumbi likishajaa ni sawa na kuweka blanketi.

Jambo jingine dogo. Ukigusa kasha la chuma usiku, miguu peku kwenye sakafu ya saruji, ukahisi linakutekenya, soketi yako haina athi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Linakutekenya kwa sababu kichujio cha umeme ndani ya pawasaplai kinategemea athi kumwaga kinachovuja, na hakina pa kukimwaga. Mwite fundi umeme. Usikate ile pini ya tatu ya plagi kama watu wanavyofanya.

Hatua ya 7: Kuagiza na kusafirisha

Kama umeamua kununua, kuna uwezekano mkubwa kasha litatoka Kariakoo au litaagizwa nje kupitia mtu wa Kariakoo. Usiagize kwa picha ya dukani. Mwombe muuzaji apime mbele yako kwa video.

"Habari za mihangaiko, kaka."

"Salama mkuu, karibu."

"Hilo kasha naomba unifungulie. Weka rula ndani ya nafasi ya diski, na unionyeshe tundu la pawasaplai nyuma."

"Mkuu, ni kasha la kawaida tu hili."

"Najua kaka, ila niko Mtwara. Kulirudisha ni nauli nyingine."

Hapo kwenye Mtwara watu huelewa. Uliza pia kuhusu mfuko wa skrubu na vibati vya kushikia diski. Kasha la mtumba bila vibati vyake ni bati tupu, na vibati vya aina hiyo hutavipata popote.

Ikifika kusafirisha, diski zisiwe ndani. Hili lisimame peke yake. Nilishatumiwa kasha likiwa na diski mbili zimefungwa tayari, muuzaji akiona ananirahisishia. Likapakiwa kwenye buti la basi chini ya magunia, kilomita zaidi ya 500. Vibati viwili vilipinda, na diski moja ilipowashwa ikawa inagonga, tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi asiyefunguliwa. Mambo ya harusi mbili yalikwenda nayo. Tangu hapo diski zinasafiri na mtu, zimeviringishwa kwenye nguo ndani ya begi la mkononi, na kasha linasafiri tupu likiwa limejazwa magazeti ndani.

Weka pia siku za kupoteza. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Kusini, mizigo ikalala njiani. Mwezi huohuo kebo za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Waliokuwa na video zao mawinguni walisubiri. Mimi nilikuwa na diski nne zinazofanya kazi na kasha lililokwama njiani, nikazifunga kwa muda kwenye kreti ya soda. Kreti ya soda, nakiri, ina hewa nzuri kuliko makasha mengi niliyoyaona.

Hatua ya 8: Kufunga na kujaribu

Panga vyote mezani kabla hujakaza skrubu hata moja. Weka pawasaplai, kisha mazabodi, kisha nyaya za umeme, na diski mwisho. Kwenye kasha dogo ukianza na diski hutapata pa kupitisha mkono.

Kabla diski haijaingia, andika namba yake ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye lebo, tarakimu nne za mwisho zinatosha, juu ya tepu nyeupe na uibandike upande utakaoonekana. Siku kompyuta itakaposema diski fulani inakufa, itakutajia hiyo namba, na hutataka kuchomoa nzima ukaacha mbovu.

Washa, acha kifuniko wazi, sikiliza. Kisha funga kifuniko na unakili kitu kizito, gigabaiti mia tatu hivi, kutoka diski moja hadi nyingine. Fanya hivyo saa nane mchana, si usiku. Kwenye Linux andika smartctl -a /dev/sda na utafute mstari wa Temperature. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo inaonyesha hilohilo kwa rangi. Soma kila baada ya nusu saa hadi namba iache kupanda. Diski ya katikati ndiyo huwa ya moto kuliko zote, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuihukumu. Yangu ilisimama 47. Niligeuza feni, iliyokuwa inavuta nikaifanya isukume, nikasogeza kitanda sentimita kumi kutoka ukutani, ikashuka hadi 43.

Mwisho, chomoa plagi ukutani mashine ikiwa inawaka lakini hainakili kitu, subiri dakika moja, rudisha. Kila kitu kiamke chenyewe bila wewe kubonyeza. Kisipoamka, rudi kwenye BIOS sasa hivi wakati bado una bisibisi mkononi, halafu nenda katafute UPS, betri ya kushikilia mashine umeme unapokatika.